Rehema Ameomba Aende Peke Yake

Handeni, Jumanne

Nimeudhika, na sijui hasa nimeudhiwa na nani.

Rehema, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, anafanya utafiti wa likizo katika kijiji cha Kwaluguru kuhusu mbegu za mahindi. Leo nilimsindikiza, na kila alipomuuliza swali mama wa nyumba tuliyoitembelea, mama alinigeukia mimi na kujibu, "Tunapanda za dukani, mwalimu." Na juu ya jiko lake mahindi ya mbegu aliyojiwekea mwenyewe yalikuwa yananing'inia, meusi kwa moshi.

Njiani Rehema akasema taratibu, "Samahani mwalimu, kesho naomba niende mwenyewe."

Njia nzima mpaka mjini nilijiuliza. Je, majibu niliyokusanya vijijini miaka yote hii, nayo yalikuwa ya kumpendeza mwalimu...?

Mwisho nikamwambia sawa, nina mitihani ya kusahihisha. Ni likizo, anajua sina hata mmoja.

Akasema asante.