Kikwembe cha Ganza

Baraka, Jumamosi, siku ya posho

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia kwa upendo mwingi. Mugongo wako unaendeleaje, na muhogo wa Lulimba umekauka ao mvua ingali inausumbua? Sisi huku tuko wazima. Mujukuu wako Ganza ananyonya kama muntu aliyetoka safari, nami nalala vipande vipande. Ukiona maandiko yanapinda, ni yeye iko magotini.

Sasa nikuambie ya kazi. Wakati napumzika na uzazi, Papa Alphonse, patron wangu, mwenye farmasi, alikuja kutuona na bibi yake. Walileta sabuni na kikwembe, kitenge cha kumubebea Ganza, wakaomba Mungu, wakacheka na mutoto, tukashukuru. Niliporudi kazini nikakuta binti mwingine amekaa pahali pangu. Papa Alphonse akasema tulishaagana vizuri. Akaniuliza, kwani nilifikiri kile kikwembe kilikuwa cha nini? Ketsia, mwenzangu wa kazi, akamuuliza kama sabuni nayo ilikuwa ya kunifuta kazini. Papa Alphonse akamunyamazisha, lakini wateja walishacheka.

Uliposikia, ukanitumia neno kwa yaya Umwali, dada yangu mukubwa, kwamba ninyamaze, nisimushitaki popote, sababu Papa Alphonse ni mushemasi na ndiye aliyetuombea siku ya kumuzika baba. Nikakujibu ndiyo.

Mama, nilikudanganya. Nilipanda pikipiki na Ganza kifuani, nikaenda Fizi, kwenye bureau ya kazi. Mama inspekta akanieleza kwamba mama aliye kwenye pumziko la uzazi hafukuzwi. Na hata siku nyingine, patron akitaka kuachana na mufanyakazi, anamuandikia sababu, anamupa preavis, ni kusema taarifa ya mapema, anamulipa haki zake, anamupa na cheti cha kazi aliyofanya. Akamuita Papa Alphonse. Yeye akasema kwa kweli alidhani kuaga na zawadi ni heshima kuliko karatasi. Inspekta akamujibu kwamba aliyepewa zawadi ni mutoto, na mutoto hakuwa na kontra, mukataba wa kazi. Papa Alphonse akacheka mwenyewe, kisha akakubali nirudi.

Lundi, Jumatatu hii, ninarudi kazini, na saa ya kunyonyesha nitapewa. Yule binti naye niliomba aandikiwe kontra, asije akaagwa kama mimi. Mushemasi anakusalimia, jana alinipa mukono mbele ya batu wote.

Nisamehe ile ndiyo. Siku nyingine ukinituma kunyamaza, nitakukatalia waziwazi, nikiwa nimepiga magoti.

Musalimie yaya Umwali na majirani wote. Bwana akulinde.

Mutoto wako anayekupenda,
Florentine