Pweza Wadogo wa Kaka Makungu

Kikwajuni,
Unguja.
10 Januari 2026

Mpendwa Dada Tahiya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti lako limepoa. Shemeji je, kile kikohozi kimemwacha? Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi mwaka huu halina huruma. Nampa Saadiya akuletee huko Maskati kwa mkono, maana neno lenyewe si la simu.

Harusi ya mwanao Nassra imetutia furaha. Kanga za sare tushachagua, utazipenda.

Neno langu ni la Kaka Makungu. Unamjua kakaetu, mtu wa sanamu kubwa; papa wake wa saruji alikuwa mrefu kuliko lori. Basi tangu vuli hajagusa kazi kubwa. Anashinda uani akifinyanga pweza wadogo wa kuenea kiganjani, kwa saruji na waya. Mwanzo nilifurahi, nikidhani umri umemtaka apumzike. Majirani wakawasifu na kuwaomba, yeye hampi mtu.

Siku moja nikamkuta anawamwagia maji ya bahari. Nikamuuliza kulikoni. Akanipa mmoja mkononi. Ule mnyiri mkubwa kati ya ile minane, uliopinda juu kama mkono wa mtu anayetaka kupiga, ulikuwa umepasuka shinani na kutu inachuruzika.

"Wote wanapasuka hapa hapa, Kidawa," akaniambia. "Na yule mkubwa wa Kendwa ana ufa hapa hapa."

Kumbe alipomjenga pweza yule wa hoteli ya Kendwa, wenye hoteli walikuwa na haraka. Alipolala na homa, wakachanganya saruji kwa mchanga wa ufukweni. Chumvi ile ndiyo inayokula chuma ndani. Alikuwa akishuku tu, ndipo akawajaribu hawa wadogo kwa maji ya chumvi. Alipokwenda kumtazama yule mkubwa, akaona ufa unaingia kidole.

Nawe unaujua mnyiri huo, Dada. Ndio uliopinda juu ya jukwaa, pale ulipotaka Nassra akae na bwana wake ili kazi ya mjomba wake itokee kwenye picha.

Kaka alimchukua pweza mdogo mmoja, na ufa wake, akampelekea meneja. Alimweleza kila kitu. Meneja, kijana mwenye adabu, akamsikiliza, akamgeuzageuza yule pweza, akasema ni mzuri mno, amtengenezee wengine wa kuuza dukani. Kuhusu ufa, akasema mafundi wataitwa wageni wakipungua. Pweza akamweka mapokezi, juu ya meza. Kaka alirudi, na chakula nilichomwekea hakukigusa.

Baada ya hapo akawa anakwenda Kendwa, anakaa karibu na lile jukwaa na kuwaomba watu wasogeze viti vyao. Wengine walimcheka, wengine wakasogea. Mwishowe walinzi wakamtoa, na sasa getini hapiti.

Jana hoteli wamenitumia picha, kwa kuwa mimi ndiye ninayeshughulikia mambo ya harusi. Pweza amepakwa rangi mpya, anang'aa kama katoka majini sasa hivi. Wahenga walituonya tuzibe ufa. Hawa wameuziba kwa rangi. Nilimwonesha Kaka. Aliitazama, akanirudishia simu.

"Sasa hata atakayetazama juu hataona kitu," akasema.

Dada, nakuomba kwa mapenzi ya mama yetu, harusi irudi nyumbani. Tutatandika mikeka uani, na majirani watatupa nafasi kwao. Nassra akinuna, mwambie wewe. Neno la mama halikataliki. Usichapishe kadi kabla hujanipigia.

Nassra tutamnusuru, inshallah. Lakini Ijumaa ijayo pana harusi nyingine pale, ya watu tusiowajua. Hoteli hawakutaka kunitajia jina, ila mpishi mmoja kanidokeza kwamba bibi harusi ni wa Makunduchi. Kesho nakwenda huko kumtafuta mama yake. Sijui nitamwambia nini akanisadiki.

Nisalimie Shemeji, Nassra na Suhaib. Kaka naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia. Mola atukinge na shari tunayoiona na ile tuliyofichwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kidawa