Mashine Yangu na Rangi ya Zambarau

Jumatatu, 3 Juni 2002
Nimesaga tangu asubuhi. Mahindi mapya, bado yana unyevu, mashine inanung'unika. Baridi imeshuka kutoka mlimani na kuingia mifupani. Foleni imefika hadi kwa Mama Rozi muuza chai. Hapa kwetu anayepanga foleni ni debe. Mwenye debe analiacha, anakwenda kwa fundi cherehani au kwa kinyozi, akirudi zamu yake imefika. Hakuna anayeruka debe la mwenzake. Nimechoka vizuri.

Alhamisi, 6 Juni
Amekuja Mwanaidi, binti wa mipango miji, mgeni kutoka Tanga. Kanipa shikamoo safi, kisha akanifungulia ramani. Tangu tusikie Manyara itakuwa mkoa, Katesh nayo imejiona mji, na mji lazima upakwe rangi. Njano ni makazi. Nyekundu ni maduka. Zambarau ni viwanda. Nyumba yangu iko katikati ya njano, na banda la mashine limeegemea nyumba. Kelele na vumbi, anasema. Nihamie kiwanja cha kule chini, karibu na uwanja wa mnada, mwezi huu ukiisha.

Nimekasirika. Nimemwambia kule kuna mbigili na punda tu. Akajibu, "Ndiyo maana kuna nafasi, mzee." Ana adabu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekwenda kuona kiwanja. Mbigili. Punda. Upepo. Nani atajitwika debe kutoka juu hadi huku, na mashine nyingine ipo njia ya Nangwa? Tunakula kwa mashine hii. Wateja wakinikimbia, nimekwisha.

Nimemweleza mke wangu yote. Badala ya kunipa pole, kauliza tunahama lini. Tena anatabasamu. Nimelala nimempa mgongo.

Jumatatu, 1 Julai
Tumehama. Shemeji kaleta trekta, majirani wamebeba injini wakiimba. Mama Rozi alisimama mlangoni kwake kama mfiwa. Chai yake hunywewa na wanaosubiri unga. Nimeshindwa kumtazama.

Nalala huku huku chini, kuilinda mashine.

Jumanne, 2 Julai
Siku gani hii!

Niliwasha mashine alfajiri. Hakuna mtu. Saa mbili, hakuna mtu. Saa nne nikazima, dizeli isiungue bure. Punda mmoja alichungulia mlangoni, akaenda zake. Maji yalinifika shingoni. Nikapanda nyumbani kumwambia mke wangu kwamba basi tena.

Nyumbani nikakuta foleni. Mbele ya banda tupu! Madebe, ndoo, viroba, mstari hadi kwa Mama Rozi, na wanawake wamesimama wanabishana. Kuhama kwangu walikujua, hata kanisani kulitangazwa. Lakini mazoea yana taabu. Jana jioni walikuja kuwahi zamu kama siku zote, na debe likishatua limetua. Leo hakuna aliyekubali kuinua lake. Wa mbele waliogopa wa nyuma wenye miguu myepesi watawatangulia huko chini. Mama mmoja katoka Endasak, jana kawawahi wote, kashika namba ya kwanza, naye kaapa hatakuwa wa mwisho kwa sababu ya ramani.

Mke wangu akatoka jikoni anafuta mikono. "Jitwikeni kwa zamu," akasema. "Foleni yenyewe ndiyo itembee."

Ikatembea. Mama wa Endasak mbele, debe nyuma ya debe, wakapita njano yote, wakapita nyekundu, wakapita mbele ya ofisi ya ardhi. Hakuna aliyempita mwenzake, hata kwenye kona. Mwanaidi alitoka na kalamu mkononi, akacheka hadi akashika nguzo. Nyuma ya debe la mwisho alikuja Mama Rozi na jiko lake, birika kichwani. Mimi nilitoka mbio kuwasha mashine, mzee mzima, nacheka peke yangu njiani. Nimesaga hadi jua limezama. Nina furaha kupita kiasi.

Jumamosi, 6 Julai
Mama Rozi ana kibanda cha turubai. Fundi cherehani kamfuata. Kinyozi kamfuata fundi. Leo kuna hata muuza ndizi. Mwanaidi kaja na ramani yake, kaikunjua, kaikunja, kaagiza chai. "Mzee, umeniletea nyekundu kwenye zambarau," amesema. Anasema itabidi arudi kwenye rangi zake. Nimemlipia chai. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumapili, 7 Julai
Tumetoka kanisani. Nimekaa nje ya nyumba, juani. Kimya. Sijawahi kukaa hapa bila mngurumo, hata Jumapili baada ya ibada nilikuwa nikisaga.

Ndani mke wangu anaosha vyombo. Anaimba. Wimbo wa kwao Balangdalalu, mrefu, sauti nzuri. Nimemuuliza kaanza lini kuimba.

"Mbona naimba siku zote," amesema.

Nimesogeza kiti karibu na dirisha.