Chumba Ndani ya Kompyuta

Kaka yangu,

Mguu wa mama umepona, na cherehani imepata mkanda mpya. Habari kubwa ni ile kompyuta uliyoiacha siku ulipoondoka. Ilikuwa nzito mno kufanya kazi, nikamwambia mama afute Windows aweke Linux tupu, ule mfumo wa bure. Akakataa katakata. Alijaribu Linux za aina mbili kwenye flashi, akachagua iliyo nyepesi, akanakili mafaili yako yote, ndipo akaigawa diski sehemu mbili kama akatavyo kitambaa: chaki kwanza, mkasi baadaye. Miaka sitini na moja, kaka, miwani imefungwa uzi! Nilimvulia kofia.

"Windows ibaki," alisema. "Chumba cha mtu hakivunjwi ati kwa sababu hayupo."

Sasa kila ikiwashwa, kompyuta inauliza tuingie wapi, Linux au chumba chako cha Windows, na inangoja sekunde kumi tu.

Mama anakungoja mwaka wa sita huu.

Ni mimi, kitindamimba.