Kompyuta Yako Bado Inashika Saa, Baba

Ni mwaka mmoja sasa, Baba yetu mpenzi Othieno Opendi, tangu ulipoweka bisibisi chini tukakupeleka nyumbani Merikit kukulaza.

Redio za watu wa Busia, za upande huu wa mpaka na ule, zilipita mikononi mwako. Mwenye haraka ulimwambia aje kesho, na kesho ulimwambia hivyo hivyo. Lakini redio ya mtu mwenye msiba uliimaliza siku hiyo hiyo, ili asikie tangazo la mazishi likisomwa. Tulikupenda sana kwa hilo.

Mke wako wa pili, kama Mama alivyokutania, alikuwa ile kompyuta ya kizamani ya kuchomeka kwenye TV, uliyoandikia majina ya wateja. Ikizimwa tu, inasahau tarehe. Basi kila asubuhi uliita kutoka dukani, “Mama Florence, leo ngapi?” naye akakujibu kutoka jikoni, miaka kumi na tisa, akinung'unika.

Ulipoanza kuugua ulisema umemchosha Mama vya kutosha. Rafiki yako Paddy akakuletea chipu ya saa kutoka Nairobi, yenye kibetri chake ndani, inayoendelea kuhesabu hata kompyuta ikizimwa. Mikono yako ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo ulishika tochi, Florence akaiunga kwa lehemu, mguu mmoja wa chipu baada ya mwingine, nawe ukimgombeza kwa kila mguu. Saa na tarehe uliziweka mwenyewe. Siku ya tisa ukatuacha.

Tangu hapo hakuna aliyeiwasha. Mama alikataa katakata. Alisema akikuta imesahau, atakuwa amekuzika mara mbili.

Juzi asubuhi, tukijiandaa kwa misa yako, alikubali. Tarehe ilitoka sawasawa. Lakini saa ilisoma 3:10, na simu ya Trevor, kitinda mimba wako, ilisoma 9:10. Trevor akasema kwa sauti ya chini kwamba chipu imeshindwa, imepoteza masaa sita. Sote tuliogopa kumtazama Mama.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. “Hiyo iko sawa,” akasema. “Ni saa tatu asubuhi. Baba yenu aliweka saa ya kwetu.” Kweli, lini ulikubali kuhesabu saa kwa Kizungu? Florence alitaka kuirekebisha, Mama akamwondoa mkono.

Mashine haikuhitaji tena kuambiwa tarehe. Mama alirudi jikoni, kisha akaitaja hata hivyo: “Leo ni kumi na mbili, Baba Florence.”

Unakumbukwa na mjane wako Dorah Aboth. Wanao Florence na Trevor. Mjukuu wako Lillian, anayeruhusiwa sasa kubonyeza kibodi. Dada yako Teopista wa Petta. Na Paddy wako.

Daima tutakukumbuka, Baba, na tarehe tutakutajia kila asubuhi.