Cheti cha River Road

Jumanne.

Na vile nilikuwa nimejigamba! Mimi, niliyeacha shule kidato cha pili, niende intavyu ya ualimu Hurlingham. Jamaa wa River Road ananichapia cheti feki, nami namtania, "Niwekee alama za juu, bro, huoni hii kichwa?"

Nikageuka. Mwalimu Auma, aliyenifunza darasa la nne kule Waithaka, alikuwa anaingia kutoa fotokopi za vyeti vyake. Naye anaenda intavyu hiyo hiyo.

Akaona cheti changu. "Kumbe ulisomea ualimu, kijana wangu! Kesho nitakushikia nafasi kwenye foleni." Machozi yalimlengalenga.

Cheti nimekichana. Lakini namba yake sina, na kesho atawaambia watu, "Hapa nyuma yangu kuna mtu."