Njia Safi ya Mzee Waino

Marquette, 9 Januari

Mama mdogo mpendwa,

Nakuomba, kabla hujaendelea: haya yabaki kwako. Usimsomee mama, usimwonyeshe yeyote kazini, na ukimaliza tia kwenye jiko la sauna. Naandika kwa karatasi kwa sababu simu mliyopewa wahudumu ni ya ofisi, na ujumbe wote unasomwa. Nimeuona ukisomwa, tena kwa kicheko.

Haya, hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nalala vibaya.

Tangu yule mwenzenu ateleze kwenye ngazi za nyumbani kwa mgonjwa akavunjika nyonga, mkurugenzi wetu, Bwana Drummond, ametoa amri: mhudumu haingii ndani mpaka itumwe picha ya njia iliyozolewa theluji. Hakuna picha, hakuna huduma. Kazi yangu ni kupokea picha na kuwajibu wasioweza kutuma. Jana bibi mmoja aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, ningeweza kuzoa theluji, ningewahitaji nyinyi?" Nikamjibu kama nilivyoandikiwa: ni kwa usalama wako. Nilijisikia kama nimemeza maji ya kuoshea vyombo.

Leo picha yako ya kwa mgonjwa wako, mzee Waino, imeshinda shindano la ofisi la njia safi kuliko zote. Imekuzwa, imebandikwa karibu na mashine ya kahawa, na keki imeliwa. Drummond akasema, mdomo umejaa krimu, "Tazameni! Njia kama meza, theluji yote imepangwa ukutani!" Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mwanao,
Kaisa

Calumet, 13 Januari

Mwanangu Kaisa,

Barua imeungua vizuri. Mimi mzima, kiasi. Yaani nimeshinda, na keki nimekosa? Mwambie huyo bwana anitumie hata ile krimu ya kwenye masharubu.

Ushindi wenyewe ni wa Arvo, mwana wa mzee. Anazoa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kwa kuwa jirani kagombana nao kuhusu theluji kutupwa upande wake, anairundika yote ukutani. Imefika dirishani sasa.

Mzee anakusalimu. Kasema, "Nimechimba shaba ujana wangu wote bila mtu kunipiga picha, leo mlango wangu una sifa kuliko mimi!" Lakini siku hizi hali chakula. Pasti yake ya nyama na viazi anaitazama tu, na jana kaitapika. Kichwa kinamuuma, na changu pia, na nikikaa kidogo nasinzia. Nikitoka nje napata nafuu. Nadhani ni mafua. Ofisini usiseme, wataniondolea zamu na mzee atabaki peke yake.

Kile kidude cha darini kilikuwa kikilia ovyo. Mzee akasema kinamkumbusha king'ora cha mgodini, Arvo akakitoa betri. Sasa tuna amani.

Vaa soksi mbili.

Mama yako mdogo,
Lempi

Marquette, 18 Januari

Mama mdogo,

Nesi ameahidi kukuwekea hii chini ya mto. Pole sana. Anasema uliamka alfajiri ukaomba kahawa, ukailalamikia kuwa nyepesi. Nililia niliposikia.

Barua yako ilinifikia jana mchana. Niliisoma nimesimama kwenye mashine ya kahawa, picha yako iko mbele ya uso wangu. Vuli nilipokuja kukuona, tulikaa kwenye benchi la mzee, na lile bomba jeupe linalotoa hewa chafu ya hita likatupuliza joto miguuni. Kwenye picha mgongo wa benchi umechomoza. Bomba halipo. Liko chini ya rundo la theluji, na ile gesi ya sumu, isiyo na harufu, ilikuwa inarudi ndani kwenu.

Nilipiga simu yako, kimya. Ya mzee haishikwi, anadhani sote ni wauza bima. Nikamkimbilia Drummond. Aliitazama picha, kisha akaanza kuibandua. "Wewe hujaona kitu, binti. Kwanza niongee na wakili." Akaikunja, akaitia mfukoni, akajimiminia kahawa. Akaweka sukari! Nilijifungia chooni nikawaita zimamoto wa Calumet, nikinong'ona hadi wakaniuliza kama nimetekwa.

Walikukuta umezimia mlangoni. Mzee Waino alikuwa kitini, na hakuamka. Najua utamwuliza kila mtu, basi heri habari uipate kwangu. Arvo ananipigia, anauliza kama kosa ni lake. Nimemwambia beleshi lilikuwa lake, amri ilikuwa yetu.

Leo asubuhi nimepewa tangazo la kuwatumia wagonjwa wote. Kuanzia kesho, picha mbili: ya njia na ya bomba. Asiyetuma, hakuna huduma. Na chini yake, tena: ni kwa usalama wako.

Sikulituma. Nikaanza kuwapigia mmoja mmoja: muite mtu afukue bomba, rudisha betri kwenye kidude cha kunusa gesi, kichwa kikikuuma toka nje, na mhudumu aje, picha iwepo isiwepo. Nilikuwa katikati ya orodha Drummond aliponinyang'anya simu. "Kadi ya mlango. Weka mezani."

Kwa hiyo usinitafute ofisini. Niko juu ya duka la mikate la Bi Toivola, Mtaa wa Tatu, mlango wa nyuma. Piga simu ya dukani asubuhi, mikate ikishatoka, ataniita. Arvo akitaka kuniona, au polisi, au wakili yeyote asiye wa Drummond, mpe anwani hiyo hiyo.

Na hii usiichome.

Mwanao,
Kaisa